Tundu la Chini ya Bwawa

Shangazi alipoinunua ile nyumba ya Raskazone, kule Tanga, bwawa lake la kuogelea lilikuwa na mabata. Sita, mali ya mlinzi, wakielea kwenye maji ya kijani ya mvua upande wenye kina. Upande wa pili udongo ulikuwa umejikusanya miaka mingi, na mlinzi, mtu asiyependa kuona kitu kikikaa bure, alikuwa ameotesha mchicha. Siku tuliyokwenda kukabidhiwa funguo alituchumia fungu zima. Shangazi alilipokea, akashukuru, kisha akamwambia kwamba mabata yahame.

Nyumba ilijengwa na meneja mmoja wa mashamba ya mkonge, enzi mkonge ulipokuwa ndiyo Tanga yenyewe. Mwaka 1964 nchi ilizalisha tani kama 230,000. Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ikaporomoka, likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, na meneja akaondoka. Wapangaji waliofuata walihitaji vyumba na paa. Bwawa linakula umeme, dawa na mtu wa kulitunza, basi liliachwa likafanya kazi ya bata.

Hiyo ilikuwa 2006. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina stashahada ya uhasibu na sina kazi. Shangazi alikuwa muuguzi mstaafu, mafao yake yote yameingia kwenye nyumba ile, na alitaka kuifanya ya kulaza wageni. "Watu wanapita hapa kwenda Pangani hawalali," alikuwa akisema, "kwa sababu hatuna cha kuwalaza nacho." Cha kuwalaza nacho kilikuwa bwawa. "Wewe baba umesoma hesabu. Nisimamie hao mafundi wasinile."

Nikasimamia. Nilijua mifuko mingapi ya saruji imeingia na mingapi imetoka. Nilijua bwawa lina urefu wa mita 9 na upana wa mita 4.5, na kina kinaanzia sentimita 90 hadi mita 2.1. Nilizidisha nikapata kama lita 60,000, nikamwandikia Shangazi kwenye daftari gharama ya kulijaza. Haikunijia hata siku moja kwamba lita 60,000 za maji ni tani 60, na kwamba tani hizo zilikuwa na kazi yake pale.

Wiki tatu za kwanza tulitoa tope kwa ndoo na toroli. Chini yake vikatokea vigae vidogo vya buluu, kila kimoja na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na bado viling'aa. Nilipenda kazi ya kuvipima. Unagonga kwa mpini wa nyundo: kinacholia kama debe tupu kimeachia, king'oe, kinacholia kizito kiache. Karibu theluthi moja vililia debe. Vya kuziba mapengo vilipatikana Kariakoo tu, na buluu yake si ileile. Mpaka leo bwawa lina viraka kama kanzu ya maskini, ila maji yakijaa huvioni sana.

Nje, mizizi ya mkungu ilikuwa imenyanyua vibao vya zege vilivyozunguka bwawa. Fundi alitaka mti ukatwe. Shangazi alisema mti una miaka kuliko fundi, ikatwe mizizi. Tukakata mizizi, tukatandika vibao vipya vya rangi ya mchanga, na kwa muda wa siku kumi hivi uwanja ule ulipendeza kuliko kitu chochote nilichowahi kukisimamia. Siku kumi tu.

Mzee alikuwa anakuja kila asubuhi kwa baiskeli kutoka Ngamiani, bila kuitwa. Ujanani alikuwa mfanyakazi wa meneja, akipiga brashi bwawa lilelile. Namwamkia shikamoo, ananijibu marahaba, anakaa chini ya mkungu na kutoa maelekezo. Usianze kazi Jumanne, maana mbwa wa bwana alikufa maji siku ya Jumanne. Fukia chini ya ukingo senti kumi ya Mwingereza, ile ya shaba yenye tundu katikati, vyura hawataingia. Na lile tundu la upande wa kina, mjukuu wangu, usiliguse.

"Kwa nini, Mzee?"

"Bwawa linapumulia hapo. Bwana alitukataza."

Zaidi ya hapo hakuwa na maelezo. Nami nikaliweka neno la tundu kapu moja na la mbwa na la senti.

Tundu lenyewe lilikuwa katikati ya sakafu, palipo na kina kikubwa kuliko pote. Lilifunikwa na kibati cha shaba kilichofanya ukijani, na chini yake palikuwa na kipande cha bomba chenye mpira uliooza. Maji yalichuruzika humo kwa kupanda juu. Kila asubuhi tulikuta dimbwi la kina cha kidole, na siku za bamvua liliongezeka. Fundi hakuweza kupiga lipu juu ya unyevu. Alisema hapo panavuja, paangaliwe. Kisha akaniangalia mimi, kwa kuwa msimamizi ni mimi.

Niling'oa ule mpira. Nikashindilia zege kavu lenye dawa ya kuzuia maji, nikalisawazisha kwa mwiko mwenyewe, maana nilitaka kuwaonyesha mafundi kwamba hata mhasibu anaweza. Siku ya tatu sakafu ilikuwa kavu kama meza. Nilimpigia simu Shangazi kumpa habari njema.

Hiyo ilikuwa katikati ya Aprili. Masika ilikuwa imekwisha anza, lakini wiki ile ndipo ilipojikaza: siku mbili mchana na usiku, mvua ya kuelekeza mitaro yote baharini. Nililala chumba cha uani. Usiku wa pili nikasikia mlio mmoja, *ka!*, kama mtu anavunja muwa mkubwa gotini, kisha mkwaruzo mrefu. Nikadhani ni tawi la mkungu. Nikavuta shuka.

Asubuhi vibao vyangu vya rangi ya mchanga vilikuwa vimesimama wima kama meno. Upande wenye kina wa bwawa ulikuwa umetoka ardhini. Haukupasuka wala haukudidimia: umepanda, mzimamzima, na bomba la kwenda kwenye pampu limekatika. Nilipima mara tatu kwa sababu sikuiamini tepu. Sentimita 26.

Fundi alifika, akashuka kwenye baiskeli, akatazama, akapanda tena baiskeli akaondoka. Alirudi saa nne, nadhani baada ya kunywa chai na kutafakari.

Shangazi alikuja na mwavuli. Alisimama kitambo.

"Hili jana lilikuwa chini?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na leo liko juu."

"Ndiyo."

"Haya. Nani kalinyanyua?"

Aliyetujibu ni mhandisi mstaafu, rafiki wa marehemu mume wake. Hakutumia maneno mengi. Aliomba sufuria, akaisukuma chini ndani ya pipa la maji ya mvua, akaiachia. Ikaruka. Alisema zege la bwawa lile halifiki tani 40, na maji yaliyojaa ardhini kulizunguka yalikuwa yakilisukuma juu kwa nguvu iliyozidi hapo. Miaka yote mvua ikizidi, bwawa halikuwa tupu, na maji ya chini yalikuwa na mlango wa kuingilia. "Palikuwa na tundu mahali," alisema. "Liko wapi?"

Nilimwonyesha. Mafundi walitazama pembeni. Mzee, kwa adabu yake, alijishughulisha na mnyororo wa baiskeli.

Tulivunja zege langu kwa tindo na nyundo. Pigo la mwisho lilipopenya, maji ya tope yaliruka hadi magotini mwa fundi, na hadi magharibi bwawa lilikuwa limejijaza nusu, bure, bila ankara ya maji. Kwa siku kadhaa lilishuka polepole. Lakini mchanga ulikuwa umekwisha teleza chini yake, na liligoma kurudi lilipotoka. Lilibaki juu kwa sentimita 11 upande mmoja, na mhandisi akasema tusilisumbue tena.

Basi ukarabati wa pili ulikuwa wa kuficha ule wa kwanza. Tulichukua mpira mwembamba wa plastiki, tukaujaza maji, fundi akashika ncha moja na mimi ya pili, tukazunguka bwawa tukitia alama mahali maji yanaposimama. Tukajenga ukingo mpya kufuata alama hizo, upande wa kina kifupi ukainuliwa. Tukachimba mtaro kuzunguka bwawa, tukaweka bomba lenye matundu na kokoto, na pembeni kisima chembamba cha kuchungulia maji ya ardhini kabla ya mtu yeyote kuthubutu kumwaga bwawa. Vibao vikalazwa kwa mteremko wa kwenda nje. Fedha ya vyumba viwili iliishia pale, na wageni wa kwanza walingoja mwaka mzima zaidi.

Ukingo umenyooka. Vigae vya buluu ndivyo vinavyosema ukweli: mstari wa juu, upande mmoja unaonekana wote, upande mwingine umezama. Wageni huuliza. Shangazi huwaambia ndivyo wazungu walivyokuwa wakijenga.

Siku ya kumwaga ukingo wa mwisho, valvu mpya ya kuyapitisha maji ya chini ikiwa imekwisha wekwa kwenye tundu lake, Mzee aliinuka chini ya mkungu, akatoa kitu mfukoni. Senti kumi, imesuguliwa hadi picha haionekani, tundu katikati. Hakusema neno. Nami nilitaka kusema, nikamgeukia Shangazi.

"Iweke," alisema Shangazi.

"Lakini Shangazi, vyura na senti..."

"Baba, iweke."

Nikaisukumiza kwenye zege bichi kwa kidole. Ilikuwa Jumatano.