Kutoka Kimara hadi Maji ya Chumvi

Mpwa wangu ana miaka tisa, amezaliwa Kimara, na alikuwa hajawahi kukanyaga bahari. Dar es Salaam hii hii. Mama yake, dada yangu, ana genge la mboga lisilofungwa hata Jumapili, kwa hiyo nikasema nitampeleka mimi.

Nilichagua Jumamosi iliyoangukia siku ya pili baada ya mwezi mpevu kwa makusudi. Siku za bamvua maji hupwa sana, na kwetu hapa hupwa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, wakati mzuri kwa mtoto asiyejua kuogelea.

Saa moja tulikuwa Kimara Mwisho kwenye foleni ya basi la mwendokasi la Kivukoni. Tulisimama hadi Magomeni Mapipa, tukapata kiti kimoja, nikampakata. Kabla ya 2016, mabasi haya yalipoanza, safari hii ya daladala ingetumaliza nguvu kabla hatujafika mjini. Pale Jangwani nilimwonyesha bonde la Msimbazi, nikamwambia maji yale nayo yanakwenda tunakokwenda sisi.

Feri tulisikia harufu ya samaki kabla ya kuliona soko. Nauli ya pantoni ya kuvukia Kigamboni kwa mtu mzima ilikuwa shilingi 200. Geti lilipofunguliwa umati ukasukumana, nikamshika mkono juu ya kiwiko, si kiganja, maana kiganja cha mtoto huteleza. Ndani tulibanana na baiskeli za matenga na akina mama wenye ndoo. Tukasimama kidogo kupisha meli ya makontena iliyokuwa ikiingia bandarini. Ilipita karibu mno. Mpwa wangu akainua kichwa taratibu, akiifuata kwa macho kutoka majini hadi juu kabisa, na hakusema neno.

Kigamboni tulipanda bajaji hadi Mjimwema. Kuiona bahari kulitugharimu nusu saa nzima: ukuta, geti, ukuta tena, na mlinzi mmoja aliyetuambia hapa ni kwa wageni wa ndani tu. Jambo hili linaniuma. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, lakini mita hizo zina faida gani kwa mtoto asiye na pa kupita? Mama mmoja muuza mihogo ndiye aliyetuonyesha kichochoro cha wavuvi, kati ya kuta mbili, upana wa mtu mmoja.

Tukatokea kweupe. Maji yalikuwa yamekwenda mbali, ngalawa zimelala ubavu juu ya mchanga. Mtoto alivua ndala, akaweka mguu mmoja, akautoa, akauweka tena.

Kwenye kidimbwi kisichozidi beseni la kufulia tulikuta kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, chekundu, mikono mitano. Nilikigeuza taratibu. Chini yake vilikuwepo vijiguu laini mamia, kila kimoja kikipapasa hewa kwa wakati wake.

"Mjomba, kinatutafuta?"

"Kinatafuta maji."

Akakinyang'anya mkononi mwangu, akakirudisha mwenyewe, akakaa amechuchumaa pale hadi kilipojivuta chini ya jiwe. Kwenye saa sita maji yakaanza kurudi, kimyakimya, yakijaza nyayo zetu moja baada ya nyingine. Tulikula mihogo ya yule mama kwa pilipili na chumvi, kisha akaoga pembeni yangu hadi midomo ikatetemeka.

Kurudi hakukuwa na la kusimulia, alilala kuanzia Kisutu. Kimara tulimkuta mama yake bado gengeni. Mtoto akatoa mfukoni chupa ya maji aliyoijaza bila mimi kujua, akamkabidhi. Dada yangu ana miaka kumi na nne katika jiji hili. Alifungua kizibo, akachovya kidole, akaonja.

"Kumbe kweli," akasema, akachovya tena.