Imani Katoliki Mtaani na Uhuru wa Mpita Njia

Mkatoliki akimwona mtu amesimama kando ya barabara na Biblia mkononi, akiwahubiria wapita njia, mara nyingi hudhani kwamba huyo ni muumini wa dhehebu jingine. Tumezoea imani ipokewe nyumbani, ikuzwe katika mafundisho ya katekisimu, iadhimishwe kanisani, na mtu wa nje anayeitaka aje mwenyewe kubisha hodi kwenye ofisi ya parokia. Mazoea hayo yana faida zake, ila urithi tulioachiwa ni mpana kuliko hapo. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 17, kinaeleza kwamba Paulo alipokuwa Athene alijadiliana na Wayahudi katika sinagogi, kisha kila siku akajadiliana sokoni na wale aliowakuta huko, yaani watu ambao hawakumwalika wala hawakumtarajia. Katika karne ya 16, Mtakatifu Filipo Neri aliwafuata vijana wa Roma viwanjani na madukani, akiwauliza ni lini wataanza kutenda mema. Na aliianza kazi hiyo akiwa mlei, kwa kuwa hakupewa daraja la upadre hadi mwaka 1551.

Ninashiriki utume huu wa kuipeleka imani mtaani pamoja na kikundi kidogo cha walei wa parokia, na kadiri ninavyoendelea nao ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba jambo la kwanza la kulindwa ni uhuru wa mpita njia kuendelea na safari yake. Huu si upole wa kujitungia. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 211, zinawapa waamini wote wajibu na haki ya kufanya kazi ili ujumbe wa wokovu uwafikie watu wote, na hizo hizo, katika kanuni ya 748, zinakataza kabisa mtu kulazimishwa kuipokea imani Katoliki kinyume cha dhamiri yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulikwenda mbali zaidi katika tamko lake juu ya uhuru wa dini la mwaka 1965, ulipoonya dhidi ya kueneza imani kwa namna yoyote yenye harufu ya shuruti au ya ushawishi usio wa heshima, hasa mbele ya maskini na watu wasio na elimu. Anayezisoma kanuni hizo mbili kwa pamoja anaona kwamba aliyetumwa kwenda mtaani amekwisha kuwekewa mipaka ya namna ya kusimama huko.

Mipaka hiyo inaonekana hata katika kuchagua mahali. Hatusimami kwenye mlango mwembamba ambao kila mtu hana budi kuupitia, wala kwenye foleni ya watu wanaosubiri huduma, wala nje ya wodi za wagonjwa. Wapo wanaopenda kuhubiri ndani ya basi lililokwisha kuondoka, nami siwaonei wivu hata kidogo: abiria aliyelipa nauli na hawezi kushuka hajachagua kusikiliza, na anachokumbuka baadaye ni kero, hata kama maneno yote yaliyosemwa yalikuwa kweli tupu. Kipaza sauti nacho tulikiacha kwa sababu hiyo hiyo. Tunatafuta njia pana ambapo mtu anaweza kutupita kwa mbali bila kukwepa, na tunasimama wawiliwawili, mmoja akizungumza na mwingine akisali kimya. Watoto wasio na mzazi au mlezi hatuzungumzi nao juu ya mambo haya.

Utaratibu wa kwenda wawiliwawili unafahamika vizuri kwa wanachama wa Lejio ya Maria, chama cha kitume cha walei kilichoanzishwa na Frank Duff mjini Dublin mwaka 1921, ambao mpaka leo huenda kwa jozi na kutoa taarifa ya kazi yao katika mkutano wa kila juma. Karibu na wakati huo kulikuwa na mikondo mingine iliyopendelea jukwaa. Mwaka 1917 David Goldstein, Myahudi aliyekuwa msoshalisti kabla ya kuwa Mkatoliki, na mwenzake Martha Moore Avery walianza kuhubiri mjini Boston kutoka kwenye gari. Mwaka uliofuata ilianzishwa London jumuiya iitwayo Catholic Evidence Guild, ambayo wasemaji wake walipanda jukwaani katika bustani ya Hyde Park mbele ya umati uliojaa wapinzani na wazomeaji. Kinachonivutia zaidi katika jumuiya hiyo ni maandalizi yake. Mlei hakuruhusiwa kuzungumza hadharani kabla ya kusomeshwa na kupita mtihani, na aliruhusiwa kwa mada zile tu alizokwisha kuhojiwa. Kisha, baada ya hotuba yake, umati ulikuwa na haki ya kumuuliza maswali. Frank Sheed na mkewe Maisie Ward, ambao ni miongoni mwa wasemaji wake wanaojulikana zaidi, walipitia kazi hiyo kwa miaka mingi.

Siku hizi mkondo umeelekea zaidi kwenye meza ndogo, bango, na mazungumzo ya mtu mmoja kwa mwingine. Shirika la St. Paul Street Evangelization, lililoanzia Portland nchini Marekani mwaka 2012, limeeneza namna hii ya kugawa rozari na medali bure na kungojea mtu asogee mwenyewe. Papa Fransisko, katika wosia wake wa mwaka 2013 juu ya furaha ya Injili, aliieleza katika namba 127 na 128 kwa utaratibu ambao sisi tumeufanya kuwa mwongozo: kwanza mazungumzo, ambamo yule mwingine anaeleza furaha zake, matumaini yake na mahangaiko ya wale awapendao, baada ya hapo tu ndipo linapotolewa Neno, na ikionekana inafaa, sala fupi inayogusa yale aliyoyasema. Mpangilio huo una maana kubwa. Ukianza na Neno kabla hujamsikia mtu, unamjibu swali ambalo pengine hakuliuliza.

Juu ya rozari na medali nina tahadhari moja. Medali ya Mwujiza, ambayo chimbuko lake ni maono ya Mtakatifu Katarina Labouré mjini Paris mwaka 1830, inapokewa kwa urahisi mno, na wapo wanaoinyakua huku wakiuliza inakinga nini. Kumpa mtu kitu hicho bila maelezo ni kumwachia aichukue kama hirizi, nasi tutakuwa tumemwongezea ushirikina kwa mikono yetu wenyewe. Kwa hiyo anayeitaka tunamweleza kwa sentensi mbili au tatu kwamba chuma hiki hakina nguvu ndani yake, kwamba ni ishara ya kumkabidhi Mama wa Yesu maombi yetu, na kwamba maneno yaliyoandikwa pembeni ni sala. Baadhi yao, wakisikia hivyo, huirudisha mezani na kwenda zao. Sioni ubaya.

Wengi wanaosimama kuzungumza nasi si wapagani wala si wafuasi wa dini nyingine. Ni Wakatoliki waliobatizwa, wakapokea Komunyo ya Kwanza, wakaacha. Jioni moja mama wa makamo, mkoba wake ungali begani kama mtu ambaye hajaamua kama atakaa au ataondoka, alichukua rozari, akaanza kuipitisha punje moja baada ya nyingine bila kusali, kisha akaniuliza, "Kaka, mtu ambaye hajaungama tangu aolewe anaruhusiwa kushika hii?" Nilimjibu kwamba anaruhusiwa kuishika na kuisali leo hii. Akaanza kueleza kilichomwondoa, na baada ya muda mfupi nikatambua kwamba alikuwa amevuka maelezo na kuingia katika maungamo yenyewe. Hapo inabidi mlei amsimamishe mwenzake kwa upole. Nilimwambia, "Mama, hayo yaliyobaki yana mwenyewe wa kuyasikia; mimi siwezi kukuondolea, na padre anaweza." Hakuchukizwa. Aliuliza tu kama padre atamkaripia, swali ambalo nimelisikia kwa watu wengi kuliko maswali yote ya Biblia.

Ya Biblia nayo yapo, na hayabadiliki sana: kwa nini tuungame kwa mwanadamu, kwa nini tumheshimu Maria, sanamu zinafanya nini kanisani, watoto wachanga wanabatizwaje ilhali hawajaamini. Majibu yake yanafundishika, kwa mfano Yohane 20:23, ambapo Yesu mfufuka anawapa mitume mamlaka ya kuondolea dhambi, au tofauti iliyo wazi kati ya ibada apewayo Mungu peke yake na heshima wapewayo watakatifu. Ninayemwogopa kidogo ni yule anayekuja na mistari mingi aliyoikariri, akitaka nasi tujibu kwa mistari mpaka umati ukusanyike. Mashindano ya namna hiyo hufurahisha watazamaji, lakini sijaona mtu akitoka humo akiwa na hamu ya kusali. Tunamjibu swali moja kikamilifu, tunamshukuru, na hatumsemi vibaya mchungaji wake wala dhehebu lake. Mwislamu akisimama kusalimiana tunazungumza naye kwa heshima ile ile ambayo Mtaguso uliitaja katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya dini zisizo za Kikristo.

Swali lililo zito kuliko yote linahusu watoto walionyanyaswa na mapadre, na maaskofu waliolificha jambo hilo. Hapa sina subira na Mkatoliki anayekimbilia kusema kwamba hata kwingine yapo. Anayeuliza anaweza kuwa ndiye aliyeumizwa, nawe hujui. Kinachotakiwa ni kukiri kwamba lilikuwa ovu, kwamba kulificha lilikuwa ovu la pili, na kumwacha aseme mpaka amalize, hata kama dakika zote zilizobaki zitaishia hapo na Injili haikutajwa.

Baada ya mtaa kuna parokia, na hapo ndipo kazi nyingi njema hupotelea. Hakuna anayebatizwa kando ya barabara, isipokuwa katika hatari ya kufa, ambapo Kanisa linamruhusu mtu yeyote mwenye nia iliyo sawa kubatiza. Mtu mzima asiyebatizwa anahitaji kipindi cha ukatekumeni, yaani maandalizi ya ubatizo, ambacho kwa kawaida hukamilika katika mkesha wa Pasaka. Aliyebatizwa katika dhehebu jingine kwa maji na kwa jina la Utatu Mtakatifu habatizwi tena. Na mwenye ndoa iliyovunjika anahitaji kusikilizwa na paroko, pengine na mahakama ya Kanisa, kwa hiyo ni kosa kumwahidi mtaani kwamba jambo lake litaisha kwa namna fulani. Haya yote yanahitaji mtu wa kumpokea. Karatasi yenye ratiba ya Misa haitoshi, kwa kuwa anayerudi baada ya miaka mingi anaweza kufika siku ambayo ofisi imefungwa, au akaikuta iko wazi na akajibiwa kwa ukali kwamba alete cheti cha ubatizo, na hatarudi tena.

Kwa sababu hiyo paroko wetu, alipotoa ruhusa ya utume huu, aliweka sharti ambalo mwanzoni baadhi yetu waliliona gumu. Anayepangiwa kusimama mtaani Jumamosi ndiye anayesimama mlangoni mwa kanisa Jumapili, nusu saa kabla ya Misa, ili aliyealikwa akute uso anaoufahamu na mtu wa kukaa naye benchi moja; na asiye na nafasi Jumapili anaondolewa kwenye zamu ya Jumamosi na kupangiwa juma jingine.