Mguu wa baba ulivimba baada ya operesheni ya koo, nikakataa asichuliwe

Naandika nikiwa bado na hasira maana ushauri niliopewa ungeniulia baba. Mzee ana miaka sitini na kitu, alifanyiwa operesheni ya saratani ya koo Dar, ndefu kweli, tukarudi naye Newala na kila anayekuja kumjulia hali neno ni moja tu, alale, asinyanyuke, kidonda kisije kikafumuka. Nani kawaambia? Mtu akilala tu damu ya miguuni inaenda polepole, inaweza kuganda, na saratani yenyewe inachochea. Operesheni nyingi za masikio, pua na koo hatari hiyo ni ndogo, mtoto akitolewa mafindofindo wala huwazi, ila mzee mwenye saratani wa kushinda kitandani ni habari nyingine, na hatari haiishii wodini, inaweza kumfuata nyumbani wiki kadhaa.

Asubuhi moja namuogesha naona kigimbi cha kushoto kimejaa, ngozi inang'aa, ukigusa cha moto, sauti hana bado ananionyesha kwa kidole hapa panauma. Mjomba akaja na mafuta ya ufuta, eti mshipa umekaza, achuliwe. Na huku kwetu mjomba akisema kasema.

Nikakimbia kwa fundi cherehani nikaazima futi ya kamba. Nikashuka sentimita 10 chini ya goti, nikaweka alama ya peni miguu yote miwili, nikazungusha futi. Kushoto kumezidi zaidi ya sentimita 3, na hicho ni kipimo hata madaktari wanakitumia. Nikamwambia mjomba samahani, mafuta yakae kwanza, soma mwenyewe. Akasoma, akapima tena kwa mkono wake, akatoa nauli.

Utrasaundi ikaonyesha damu imeganda kwenye mshipa mkubwa juu ya goti. Tungechua lingeweza kung'oka bonge likaenda kwenye mapafu, hapo ni kifua kubana, pumzi kukata na pengine kifo. Dokta akakagua kwanza kidonda cha shingo kisije kikavuja damu, ndo akaanza sindano za tumboni za kuzuia damu kuganda, kisha vidonge vya miezi mitatu kwa kuanzia. Pesa ilitoka, laki na ushee hivi na nauli. Na dawa ya maumivu ya diklofenaki msimpe mtu anayetumia dawa hizo, inaongeza kutoka damu.

Kutembea sasa simbembelezi, nilimwambia tu mikorosho imeanza maua, kila asubuhi anaenda kuikagua.

Mkiruhusiwa muulizeni dokta, huyu anahitaji sindano za kuzuia damu kuganda akiwa nyumbani? Muulizeni kabla hamjapanda basi.