Siku moja maishani mwangu: napima hamira, sipiki gongo

Saa 12:30 asubuhi nipo kituo cha daladala Nzuguni, Dodoma. Jirani: "Bado unapika ile pombe ya chai?" Nimechoka kumjibu. Kazi yangu ni kutoa hamira kwenye chai iliyochachushwa (kombucha), kisha kuitesa nione kama inaweza kufika utumboni ikiwa hai.

Saa 2 mpaka saa 3: koti jeupe, otoklevu (mtungi wa mvuke wa kuua vijidudu) nyuzi 121 dakika 15, kumimina kwenye sahani agari, jeli ya kuoteshea vijidudu.

Saa 3 nakagua sahani za juzi. Hamira zimeota vidoa vyeupe kama matone ya mtindi. Sahani tatu zimevamiwa na ukungu wa kijani. Vumbi la Dodoma hilo, linapita hata tundu la kitasa. Natupa.

Saa 4 naanza mtihani wa asidi: hamira tano, pH 2.5 (kipimo cha ukali wa asidi), joto nyuzi 37, mfano wa tumbo. Kila saa navuta mililita 1, nazimua mara kumi kumi, napanda kwenye sahani. Mpaka saa 7. Hapa saa ndiyo bosi.

Saa 5 kasoro dakika tano, hodi. Mama mmoja, mkononi chupa ya chai yake iliyochachushwa, lita moja na nusu, imevimba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Niandikie karatasi kwamba hii inatibu sukari. Wateja wanataka muhuri."

Nikamwambia hatutoi vyeti, tena chai yenyewe inatengenezwa kwa sukari.

"Kwani hakuna hamira iliyo dawa?"

Kosa langu nikajibu. Ipo, Saccharomyces boulardii, ya kutibu kuharisha. Mfaransa Henri Boulard aliipata miaka ya 1920 kwenye matunda huko Indochina (Vietnam na jirani zake).

"Si umeona! Basi andika."

Mama, hiyo ni hamira nyingine, imepimwa kwa wagonjwa. Yako hata jina hatulijui.

"Onja kwanza." Akafungua. Pwaa! Povu likaruka mpaka kwenye daftari langu, meza yote ikanuka siki. Nikachukua spiriti, nikafuta, yeye akiniambia pole mwanangu, ndiyo nguvu yake hiyo. Anatoka, natazama ukutani: 5:14. Kipimo cha saa 5 kimenipita. Nikaandika 5:14 kwa wino mwekundu. Mtihani huu utarudiwa wote.

Chakula nilikula saa ngapi sijui, wali ulikuwa wa baridi. Bado kuna mtihani wa kuona kama hamira zinastahimili nyongo, halafu agari ya damu, maana hamira inayopasua chembe za damu haifai kumpa mtu. Mgongo unauma kwa kuhesabu vidoa.

Giza limeingia. Kabla ya kuzima taa nimepanda tone lililobaki kwenye chupa ya yule mama. Juu ya sahani nimeandika: Mama Povu. Kesho kutwa naisoma.