Kamera ya mfukoni na ndege wa Mida

Herufi mbili mguuni mwa ndege ndizo zilizoniingiza kwenye habari za kamera. Ilikuwa Februari, nimewapeleka watoto wa klabu ya mazingira ya shule yetu kwenye hori la Mida, kati ya Watamu na Gede, kuwatazama ndege walao kaa: weupe, mgongo mweusi, mdomo mnene kama koleo. Ndege hawa huzaliana huko Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu. Huchimba shimo mchangani, hutaga humo yai moja, kisha miezi mingine huja kula kaa kwetu. Mmoja alikuwa na kibendera cha plastiki mguuni, kile wanachovishwa na watafiti ili ijulikane alishikwa wapi. Nikapiga picha kwa simu. Nyumbani Malindi nikaikuza kwenye kompyuta: doa jeupe juu ya tope, na miguu haionekani kabisa. Msichana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, sasa tutajuaje ametoka wapi?"

Kosa la kwanza nililifanya kwa pupa. Nilishuka Mombasa, nikaingia duka moja, nikamwambia muuzaji nataka kamera ya kuvuta mbali lakini iingie mfukoni. Akanitolea iliyoandikwa 50x kwa wino mwekundu kwenye boksi. Elfu kumi na nne. Kumbe hiyo 50 ni hesabu ya kuzidisha: lenzi yenyewe inavuta mara 5, halafu kamera inakata kipande cha picha na kukitanua mara 10. Kukata na kutanua hata simu yangu inaweza. Niliporudi dukani siku ya tatu, muuzaji alinionyesha mstari chini ya boksi, herufi ndogo kama mayai ya chawa, na kweli mambo yote yalikuwa yameandikwa. Nikanyamaza.

Ndipo nikaanza kusoma wachambuzi wa kamera mtandaoni, jioni baada ya kusahihisha madaftari. DPReview, walio kwenye kazi hiyo tangu 1998, niliwasoma zaidi kwa sababu huweka picha za majaribio za ukubwa kamili. Machi 2023 walipotangaza kwamba wanafunga, nilitumia bando la wiki nzima kuhifadhi kurasa, kama mtu anayeokoa vyombo nyumba ikiungua. Miezi mitatu baadaye wakapata mmiliki mpya. Bando langu halikurudi.

Mwanzoni nilikuwa nikifuata nyota na medali. Hazikunifikisha popote, maana kila kamera ilikuwa na medali yake. Nikageuza: nikawa naanza na kasoro, na kila kasoro naiuliza kama ni yangu. Hakuna tundu la maikrofoni? Si yangu, mimi sirekodi mahojiano. Video ya 4K inapunguza upana wa picha? Waendelee nayo wenyewe. Canon SX740 HS ilikuwa imenikaa moyoni, maana inavuta mara 40, hadi milimita 960, na bado inaingia mfukoni. Lakini kwenye kasoro zake palikuwa na mstari mmoja mfupi: haina kitundu cha kuchungulia, unatazama kioo cha nyuma tu. Kwa mtu anayepiga picha London pengine si neno. Mida saa tatu asubuhi, jua linapiga maji na maji yanakupiga wewe, kioo cha nyuma kinageuka cha kunyolea ndevu. Nikaikata.

Makamera makubwa nayo yalijitokeza. Nikon P1000 inavuta mara 125, lakini ina kilo 1.4, na mimi tayari nina watoto ishirini na debe la maji ya kunywa.

Zikabaki mbili, zote za Panasonic, na hapo ndipo nilipokwama mwezi mzima. TZ200 ya 2018 ina kihisi cha inchi moja, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga: milimita 13.2 kwa 8.8. TZ95 ya 2019 ina kihisi kidogo, milimita 6.2 kwa 4.6, kama robo ya eneo la kile cha kwanza. TZ200 inavuta mara 15, hadi 360. TZ95 inavuta mara 30, hadi 720. Karibu kila mchambuzi alisema lilelile: ukimudu, chukua kihisi kikubwa, picha ni safi zaidi. Bei yake ilikuwa karibu mara mbili. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu mshahara wa miezi mingapi.

Kilichoniokoa ni maandishi yanayozunguka kioo cha lenzi. Siku moja nilikuwa nimekuza picha ya kamera zenyewe, si ya ndege, nikasoma: moja 8.8–132, nyingine 4.3–129, zote f/3.3–6.4, namba ya kupimia tundu la mwanga. Nikaipeleka karatasi kwa mwalimu wa fizikia kwenye chumba cha walimu. Akaweka chini kikombe chake cha chai. "Hizi 360 na 720 ni za kulinganishia na filamu ya zamani ya milimita 35," akasema. "Urefu wa kweli wa lenzi ni huu wa kwenye duara. 132 na 129. Zinalingana, bwana!" Akagawa kila moja kwa 6.4. Upana wa tundu la mwanga: milimita 20 na ushei kila moja.

Maana yake ni hii. Ndege akiwa mbali kiasi kwamba umevuta hadi mwisho, taswira yake inaangukia kwenye vihisi vyote viwili kwa ukubwa uleule, kwa mwanga uleule. Kihisi kikubwa kinaongeza tope la pembeni tu. Wachambuzi hawakusema uongo. Walilinganisha picha nzima kwa picha nzima, na hapo, kwa mikoko wakati wa magharibi au watoto wakiwa kwenye kivuli, TZ200 inashinda waziwazi. Lakini mimi nilikuwa natafuta mguu wa ndege. Nikashusha picha za majaribio za zote mbili, nikakata vipande vya vitu vya mbali, nikaviweka bega kwa bega. Hazikupishana kwa chochote ambacho ningekilipia mara mbili.

TZ95 ililetwa na binamu yangu anayefanya kazi Muscat, alipokuja likizo, imeviringishwa ndani ya kanzu kwenye begi. Kitundu chake cha kuchungulia ni kidogo, wachambuzi walinung'unika na wana haki. Ukivaa miwani kama mimi ni kama kupeleleza kwa tundu la ufunguo. Lakini kipo. Panasonic walipotoa TZ99 mwaka 2025 walikiondoa, kwa hiyo yangu naitunza.

Siku ya kwanza Mida nilikwenda na kiburi. Daraja la mbao la pale limening'inizwa juu ya mikoko, na mtoto mmoja akipiga hatua nyuma yako, ndege aliyevutwa hadi 720 anaruka nje ya picha. "Simameni kama miti!" Wakasimama, wakaanza kucheka, daraja likatikisika kwa kicheko. Ilipofika saa nne tope lilikuwa limeshapata moto, na mvuke wa joto ukawafanya ndege wachemke kama wali. Nilipiga picha mia na zaidi. Hakuna mguu hata mmoja.

Kijana anayeongoza wageni pale, Mgiriama aliyekua na hori hilo, alikuwa akinitazama muda wote. "Mwalimu," akaniambia, "wewe unavuta mno. Maji yamekupwa, ndege wako kule mwisho. Njoo bamvua, siku za maji makubwa, alasiri, yakiwa yanajaa, ukae kwenye banda la mbele. Yatakuvutia yenyewe."

Wiki mbili baadaye bamvua ikaangukia Jumamosi. Tulifika maji yakiwa bado mbali, nikaegemeza viwiko kwenye ubao wa banda, watoto wakakaa chini. Maji yakaingia taratibu, tope likapungua, ndege wakawa wanarudi nyuma hatua kwa hatua kuja kwetu, kama watu wanaohamisha mkeka kuikimbia mvua. Yule mwenye kibendera alisimama kama mita thelathini hivi, akamnyofoa kaa miguu mmoja mmoja. Nilikuwa sijavuta hata nusu.

Jumatatu tukaifungua picha kwenye kompyuta ya maabara. Herufi ya kwanza ni A, hakuna ubishi. Ya pili nusu ya darasa wanasema C, nusu wanasema G, kwa sababu kipande cha tope kimeganda palepale panapotofautisha. Tumewaandikia watafiti zote mbili.