Tafuna, Mama, Usimeze

Mamangu hakushika kifua. Alikaa kwenye kigoda kando ya karai la mahamri, akasema taya inamvuta na mgongo unamkata katikati ya mabega. Kichefuchefu pia. Jasho lilimtiririka, nami nilidhani ni moto wa jiko mpaka nilipomshika mkono: baridi.

Jirani aliyekuja kununua mbaazi akasema ni gesi, achemshiwe tangawizi. Kwetu Malindi kila ugonjwa ni gesi mpaka ithibitike vingine. Nilisimamisha tuktuk.

Hospitalini daktari, kijana mdogo tu, alimbandika nyaya kifuani, akaitazama karatasi ya kipimo, kisha akampa aspirini ya miligramu 300. "Tafuna, mama, usimeze." Ikitafunwa inaingia kwenye damu upesi zaidi.

"Maumivu yameanza saa ngapi?"

Mama hakutazama saa. Akajibu, "Karai la pili, mwanangu, baada ya sala ya alfajiri." Mimi ndiye niliyepiga hesabu: saa mbili hazijatimia.

Kakangu alifika akihema. Yeye alitaka Mombasa papo hapo, maana huko ndiko kuna mashine za kuzibua mshipa kwa waya. Daktari hakubishana naye sana. Alituambia damu imeganda na kuziba mshipa unaolisha moyo, na nyama ya moyo isiyopata damu huanza kufa katika muda wa nusu saa hivi, sehemu baada ya sehemu. Ikifa haioti tena, inabaki kovu. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kilomita 120 hivi. "Na foleni ya Mtwapa njiani je?" akauliza. Kama mgonjwa hawezi kuwekwa mezani na kuzibuliwa ndani ya dakika 120, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda itangulie.

Kabla ya kuitia akauliza: amewahi kupooza? Ana vidonda vya tumbo? Amepasuliwa karibuni? Dawa hiyo inaweza kuleta damu kichwani, alisema wazi, mbele ya mama mwenyewe. Mama akasema, "Tia."

Ilidondoka kwa muda wa saa nzima. Kabla haijaisha, mapigo ya moyo yalienda mrama kidogo kwenye kioo cha mashine, muuguzi akasogea, kisha yakatulia. Taya ikaachia. Kipimo cha pili kilionyesha mistari iliyokuwa imepanda kwenye karatasi ya kwanza imeshuka zaidi ya nusu.

Alasiri tukampeleka Mombasa. Mtwapa tulikwama, king'ora kinalia, matatu hazina pa kupisha. Kakangu alikuwa akitazama dirishani tu.

Kule wakamwekea kijibomba cha waya mshipani, na picha ya moyo ikaonyesha kipande kidogo cha upande wa chini kimelegea. Nguvu ya kusukuma damu ilikuwa asilimia 45. Wakampa vidonge vya kuupunguzia moyo mzigo usije ukatanuka, na marufuku ya kuinua karai kwa wiki kadhaa. Hiyo ya karai ndiyo iliyomkasirisha.

Kakangu hushikilia mpaka leo kwamba tungeenda Mombasa moja kwa moja. Akianza, mama humuuliza Mtwapa tulikaa muda gani.