Datsun 240Z: kufunga rejeta ya oili

Kwa wanaofuatilia mradi huu wa kufufua gari langu la zamani: injini ya L24 imesharudi mahali pake, karabureta zote mbili zimesawazishwa, breki zinashika na gari linakwenda. Kilichobaki kunikosesha raha ni joto la oili, kwa hiyo awamu hii ni ya hilo tu: kuifungia oili rejeta yake ya kuipoza. Kromu ya bampa itangoja.

240Z ina geji moja ya duara yenye mishale miwili: mmoja wa joto la maji, wa pili wa presha ya oili. Joto la oili lenyewe halionyeshwi popote. Ndiyo maana mtu huona mshale wa maji umetulia katikati akaamini injini iko salama. Maji yana rejeta na feni yake. Oili ina sampu tu, yaani bakuli lake chini ya injini, na upepo unaopita chini ya gari, kama upo. Sasa chukua safari ya kutoka Mombasa hadi Nairobi: kilomita 480 hivi, na kupanda kutoka usawa wa bahari hadi karibu mita 1,700. Tena kipande kigumu kinakungoja mwishoni, ukishapita Sultan Hamud, pale mlima wa Salama. Uko nyuma ya msururu wa malori, gia ya pili, injini inavuta kwa nguvu, na upepo wa kupoza sampu haupo.

Kabla ya kununua chochote niliamua kupima. Fundi wa lathi alitoboa bolti ya kumwagia oili, akakata nyuzi za skrubu ndani yake, tukafunga sensa ya joto na kuvuta waya hadi kwenye geji ndogo chini ya dashibodi. Kati ya Mtito Andei na Kibwezi, mwendo wa kawaida, ilisoma nyuzi 112 za Selsiasi. Salama ilifika 127, na nilipotoka kando ya barabara nikaacha injini ikinguruma, mshale wa presha ulilala karibu na sifuri kuliko ninavyopenda.

Natumia oili ya madini, uzito wa 20W-50. Oili ya aina hiyo ikiwa 110 haina malalamiko. Ikikaa juu ya 120 inakuwa nyepesi kupita kiasi, na pia inachakaa haraka: kanuni ya jumla ni kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka, kasi ya kuoksidika hukaribia kuwa maradufu. Unabadilisha oili mapema au unabadilisha beringi. Chagua mwenyewe.

Hapa niseme jambo ambalo litawaudhi baadhi yenu. Rejeta za oili nyingi ninazoziona kwenye magari ya zamani ni urembo. Gari linalotoka Karen hadi Westlands, humuhumu Nairobi, Jumapili asubuhi na kurudi halihitaji kitu hicho, na linaweza kudhurika nacho. Oili isipopata joto la kukaribia 100, unyevu uliomo haukauki, na utauona chini ya kifuniko cha kujazia ukiwa ute wa rangi ya maziwa. Julai ya Nairobi, asubuhi nyuzi 12, rejeta isiyo na themostati (vali inayofunguka oili ikishapata joto) inaifanya oili iwe nzito safari nzima. Funga geji kwanza. Geji ikikwambia huna shida, pesa hizo nunua tairi.

(Na ndiyo, najua mtanitajia mbio za Safari Rally. Edgar Herrmann alishinda na 240Z mwaka 1971, Shekhar Mehta akashinda nayo 1973, na hakuna mzee kwenye kituo cha petroli asiyenisimulia alikosimama kuziona zikipita. Gari langu halikushindana popote.)

Vifaa vyenyewe ni vichache. Kuna sahani ya alumini inayokaa kati ya bloku ya injini na filta ya oili, yenye matundu mawili ya kutoa oili na kuirudisha, na themostati ndani yake inayoanza kufunguka kwenye nyuzi 80. Hata ikiwa imefunga huruhusu oili kidogo ipite, ili hewa isikwame na rejeta isije kumeza oili baridi kwa ghafla. Rejeta ni ya safu 13 za mirija. Kulikuwa na ya safu 19 kwenye rafu ileile na muuzaji aliisifu sana, lakini kubwa zaidi inaziba rejeta ya maji zaidi, na mimi natafuta kushusha nyuzi 20, si 50.

Mipira ya kupitisha oili kati ya sahani na rejeta ndiyo iliyonichukua muda. Kwenye duka la mipira ya haidroli, Industrial Area, nilionyeshwa mpira wa nusu inchi wenye tabaka moja la waya.

"Huu unabeba presha ya tingatinga, boss."

Kweli kabisa. Mpira ule unabeba zaidi ya pauni 2,000 kwa inchi ya mraba, na injini yangu ikiwa baridi kabisa haifiki hata 100. Ila presha haikuwa swali langu. Niliuzungusha mpira mkononi nikasoma maandishi ya ubavuni: mwisho wake nyuzi 100. Ukiupitishia oili ya nyuzi 120 kila unapopanda Salama, utakauka kutoka ndani, uanze kumenyeka vipande vidogo, na vipande hivyo vitatafuta pa kwenda. Mwishowe walitoa stoo mpira wa nyuzi 150, bei karibu mara mbili, wakaubania viungio vya chuma hapohapo. Mashine ina meno manane yanayoizunguka pete ya chuma, yanaibana taratibu kutoka pande zote kwa mara moja, na pete inatoka na alama nane zilizolingana. Nilikagua kila moja kwa kucha.

Kufunga kwenyewe kulikuwa na mtego mmoja. Kwenye injini hii filta iko kulia, na gari la usukani wa kulia linapitisha shafti ya usukani upande huohuo. Ukiongeza sahani, filta inasogea nje kwa unene wa sahani hiyo, na filta ya kawaida ikabaki na nafasi ya kidole kimoja tu. Injini hutikisika kwenye raba zake, kwa hiyo kidole kimoja hakitoshi. Tuliweka filta fupi yenye nyuzi zilezile za skrubu za robo tatu inchi. Faida ya upande huo ni kwamba ekzosi iko kushoto, hivyo mipira inapita chini ya alteneta na kwenda mbele bila kukaribia kitu cha moto. Pale inapotoboa bati la mbele niliweka raba pande zote. Bati tupu hukata mpira polepole, na siku utakapojua utakuwa umeacha oili yote barabarani.

Rejeta yenyewe imekaa nyuma ya grili, chini kulia, vinywa vikitazama juu. Honi ya upande huo nimeihamisha. Fundi wangu, ambaye amezichokonoa Datsun tangu nikiwa shule ya msingi, alikataa kuifunga moja kwa moja kwenye engo.

"Kijana wangu, alumini na matuta hawaelewani. Ipe raba ipumue."

"Raba ya duka, mzee?"

"Ya duka laini. Lete tairi."

Akakata vipande vinne kutoka kwenye ubavu wa tairi kuukuu, akatoboa kila kimoja, bolti ikapita katikati bila chuma kugusa alumini. Ukiisukuma rejeta kwa mkono inacheza kidogo na kurudi. Kisha tukakunja bati kuziba mapengo ya pembeni, kwa sababu upepo ukipata pa kupita kirahisi hautajisumbua kupenya kwenye matundu ya rejeta.

Kuwasha: nilijaza rejeta oili kabla ya kufunga mipira, nikachomoa waya wa koili ili injini isiwake, nikazungusha stata hadi mshale wa presha ukainuka, ndipo nikarudisha waya. Injini ikipoa ongeza oili tena, maana mfumo sasa unabeba zaidi ya ule wa kiwandani. Viungio vyote vikavu.

Matokeo ya njia ileile, mchana, malori yaleyale: tambarare 97, Salama 109, na presha ya kusimama imerudi pale ninapoitaka. Jijini asubuhi oili hufika 80 karibu kwa muda uleule kama zamani, maana yake themostati inafanya kazi. Mshale wa maji nao umepanda kidogo, na nilitarajia: joto lililotolewa kwenye oili sehemu yake inapuliziwa rejeta ya maji iliyo nyuma. Gari langu halina kava la feni, kwa hiyo feni inavuta hewa hata ya pembeni. Hiyo ndiyo kazi inayofuata, na bati lililobaki linatosha.